Maji ya Bibi

Sogeeni, wanangu. Wewe Gil-su, zima hiyo televisheni, maana haya nayasema mara moja tu. Shamba la michenza ni lako, ulipalilie au liote magugu, sitakuwepo kugombana nawe. Nyumba hii ni ya dada yako Sun-hwa, aliyezama nami miaka thelathini na minane kutafuta konokono wa baharini na mwani, navyo ndivyo vilivyokusomesha wewe.

Lakini lipo lililokuwa lako, Sun-hwa, nami nikalitoa. Kampuni ya mitambo ya upepo ilipokuja hapa kisiwani kwetu Jeju, nilikuwa mwenyekiti wa wanawake wazamiaji. Wakatuambia nyaya za umeme lazima zipite, ama kilindini ama kwenye maji ya bibi, yale ya kina kifupi kando ya miamba, ambayo tangu enzi za mabibi zangu hazami humo mwanamke asiyetimiza miaka sabini. Nikachagua ya bibi. Nilijiona nina akili: vijana wabaki na kilindi, wapate riziki. Mzamiaji mwenzangu Boo Mal-ja akasimama mbele ya wote: "We Chun-ok, unagawa kitanda cha wazee, wewe utakuja kulala wapi?" Nikamjibu, "Kwani wazee wenyewe wamebakiza siku ngapi?" Wakacheka. Nikagonga muhuri.

Wakachimba, wakamwaga zege, mwani ukafa. Mal-ja, na miaka yake sabini na tisa, hakujua kukaa nyumbani, akatufuata kilindini. Boya lake likaelea, mwenyewe hakuibuka. Miaka minne tulikuwa hatusalimiani, na kosa lilikuwa langu. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema. Mimi nilichimba, akaingia mwenzangu.

Nilikwenda hadi mjini kuwasihi wenye kampuni waziondoe nyaya. Kijana mmoja, mpole kabisa, akaniambia, "Bibi, muhuri si wako huu?" Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa sikiliza, Sun-hwa. Una sitini na moja. Ukifika sabini, usizame. Nakuamuru, ingawa nakujua, utazama tu, maana hata mimi nisingeweza kukaa. Nizikeni upande wa mlimani... nisiione bahari. Siku ya kumbukumbu ya Mal-ja mpelekeeni wali na samaki, yeye kwanza... mimi baadaye.

Nipe mkono. Mama humwombea mwanawe... maisha marefu. Mdomo wangu unakataa, mwanangu. Nakuombea... yasiwe marefu sana.