Mama Pasi Aliambiwa Aseme Yote

Wasikilizaji wapendwa, kama birika liko motoni, liepueni kwanza. Leo tunamkumbuka mama ambaye kwa miaka hakustahimili sauti ya maji yakichemka.

Kwenye kiwanda cha mashati walimwita Mama Pasi. Kazi yake kuyapiga pasi. Wenzake walimtania, "Shati lako hata mlevi akilivaa anaonekana hakimu." Nyumbani alikuwa mke wa fundi viatu na mama wa binti mmoja, msusi.

Siku moja boila la kiwanda lilipasuka. Mvuke ukajaa chumba cha pasi. Mwenzake wa meza ya jirani hakutoka. Mama Pasi alitoka, kifua kimeungua kwa ndani.

Wakubwa wakaleta mshauri nasaha. Sikilizeni walivyofanya, maana mpaka leo fundi mumewe akilisimulia hili, nyundo humponyoka. Hawakutaka kazi isimame. Wakawaketisha manusura palepale, chumba kilekile, pasi zikifoka mvuke pembeni. Msimamizi naye akavuta kiti, akakaa kati yao.

"Semeni yote, mtapona," mshauri akasema.

Hakuna aliyemwambia Mama Pasi kwamba angeweza kukataa. Hakuna! Akasema. Akamlilia mwenzake. Akasema pia kwamba vali ya kutolea mvuke ilifungwa kwa waya, na msimamizi alijua. Wiki haijaisha, akaambiwa akapumzike nyumbani. Mapumziko hayo hayakuwa na mwisho.

Tangu hapo, birika likifoka, alikimbilia uani bila viatu. Fundi akahamishia chai kibandani kwake, akawa anaileta nyumbani kwa chupa. Kifua nacho kikazidi kubana.

"Twende hospitali, mama," fundi akamwambia.

"Wataniuliza."

"Watapima kifua tu."

"Na wale walianza hivyohivyo. Mimi na watu wa kalamu, basi!"

Miaka ikapita hivyo. Binti ndiye aliyemshinda. "Mama, kuna mshauri zahanati. Ukimchukia tunaondoka, na nakusuka bure."

"Lini nilikulipa, wewe?"

Wakaenda wote watatu. Mshauri yule hakugusa habari za boila. "Zaidi ya hawa uliokuja nao, anayesikia ni mimi tu," alisema. "Nitalazimika kusema nje nikiona maisha ya mtu yako hatarini, basi. Leo husimulii ajali. Kwanza tutajifunza kutulia. Tukifika kwenye kile kiwewe, huenda siku za mwanzo ukajisikia vibaya zaidi. Niambie, tutapunguza mwendo. Tusipoelewana, tafuta mwingine, sitanuna. Haya, niulize."

Mama Pasi akamgeukia mumewe. "Kumbe na mimi nauliza?"

Akauliza mpaka binti akaona haya. Umesomea wapi? Waliokutwa na jambo kama langu umewahi kuwatibu? Nikisema basi, utaacha?

Polepole akarudi kuwa mtu. Siku moja alichemsha birika mwenyewe, mkono mmoja umeshika kitasa cha mlango. Fundi alikunywa chai ile ikamuunguza ulimi, akaongeza kikombe. Ndipo Mama Pasi akakubali kupimwa kifua. Mapafu yalikuwa yameharibika mno. Hakufika mbali.

"Mimi darasa nililikimbia," fundi anasema. "Lakini kumwambia msimamizi atoke nje, hilo nalo linataka shule? Mvuke ulimchoma mara moja. Wao ndio waliomfungia mlango wa hospitali. Kisha wakaleta shada la maua! Nimelitupa."

Pole, fundi. Pole, binti. Wakubwa wa kiwanda, pole hamtapata hapa. Mlitaka mwonekane mmesaidia.

Nanyi wasikilizaji wapendwa mnaotaka kuanza tiba, msiogope kwenda. Nendeni. Lakini ulizeni kwanza, na asiyetaka kuulizwa mwacheni na kiti chake.

Baada ya maziko, fundi hakulala wala kula. Binti akampeleka zahanati. Akaketi kiti kilekile cha mkewe. Mshauri akamuuliza taratibu angependa kuanzia wapi.

Mzee akageuka, akautazama mlango.

"Kwanza niambie wewe," akasema. "Nani mwingine anasikia?"