Saa Aliyozaliwa Mi-rang

Mbele ya duka la Mama Redio, pale mtaa unapoanza kupanda mlima mjini Gunsan, kuna jukwaa dogo la mbao, na hapo ndipo dunia nzima inapohukumiwa kila asubuhi. Mahakimu ni watatu. Mama Redio mwenyewe jina lake halihitaji maelezo, msikilize tu dakika moja. Shemasi Bang wanamwita Siku za Mwisho, maana hata vitunguu vikipanda bei yeye hutazama mawinguni kama Bwana keshaanza kushuka. Wa tatu ni Nam Chil-seong, dereva mstaafu, na huyo ni Lori. Kahawa ni ile ya pakiti, sukari na maziwa humo humo, kwenye vikombe vya karatasi. Asubuhi ile Lori hakuigusa ya kwake. Hakupata hata lepe la usingizi, na simu ilikuwa mkononi tangu kulipokucha.

— Piga, bwana! — Siku za Mwisho akahimiza. — Wakishapanda basi utawarudishaje?

— Apige amwambie nani nini? — akadakia Mama Redio. — Wazazi wa mchumba wamevaa, zawadi wamefunga, mchana huu familia zinakula meza moja, halafu uwaambie kaeni kwenu, harusi hakuna? Aibu hiyo utaificha wapi?

— Aibu nitaibeba, — Lori akasema. — Jeneza la mwanangu sitaliweza.

Jana yake alikuwa amepanda mlimani, kwenye nyumba ya maombi, kwa mwanamke wanayemwita Nabii. Alikwenda kutafuta baraka tu, masikini ya Mungu. Nabii akafumba macho, akatetemeka, akanena: huyo mchumba, Tae-gon, ni moto, binti yako ni maji, wakioana, binti hatamaliza miaka mitatu juu ya ardhi. Na Mi-rang ndiye mtoto wake wa pekee, mama yake walishamzika. Baba gani angelala?

— Mimi sishangai, — Siku za Mwisho akasema, akipuliza kahawa. — Huyo kijana kazaliwa mwaka gani katika ile kumi na miwili ya wanyama? Mwaka wa joka! Na kwenye Biblia, shetani anaitwaje? Joka! Mnataka ushahidi gani tena?

— Ala! Kwa hiyo nusu ya darasa lake ni mashetani?

— Nyayo za shetani zinaonekana kwa mwenye macho. Anafanya kazi wapi? Kwenye tanuri la mikate. Moto! Gari lake rangi gani? Jekundu. Moto! Chakula anapenda kipi? Pilipili!

— Nchi hii nani hali pilipili, wewe mzee? — Mama Redio akaweka birika chini kwa kishindo. — Na wewe mwenyewe ulizaliwa mwaka gani? Sema!

Siku za Mwisho akatumbukiza uso kikombeni, akanywa kwa muda mrefu kuliko kahawa iliyokuwamo.

— Sema, mzee!

— Wa joka. Lakini mimi nilibatizwa mapema. Wahenga walisema dua la kuku halimpati mwewe.

— Kuku kaingiaje hapa?

— Kaingia kwa imani! Paulo katuonya, tusidharau unabii.

— Paulo huyo huyo akaendelea, mbona wamkata kauli? Akasema tupime kila kitu, jema ndilo tulishike.

Lori aliwasikia kwa mbali. Kichwani mwake alikuwa na neno moja tu, miaka mitatu. Akaitafuta namba ya baba yake Tae-gon, akaweka kidole juu yake. “Ee Mungu, nisamehe,” akanong'ona.

— Baba! Bado uko na viatu vya kandambili?

Mi-rang alikuwa anashuka mtaa, kavaa gauni la bluu, tai ya baba yake mkononi. Mama Redio akaangalia birika. Siku za Mwisho akaangalia mawingu. Lakini Mama Redio kunyamaza ni ugonjwa kwake, akamwaga yote, moto, maji, miaka mitatu, mpaka joka.

Mi-rang hakulia. Akakaa karibu na baba yake, akaichukua ile simu taratibu na kuilaza juu ya mbao.

— Alikuuliza nini, baba, kabla hajatabiri?

— Jina lako. Mwaka, mwezi, siku. Na saa uliyozaliwa, ili maombi yasikosee njia.

— Si hayo hayo wanayouliza wapiga ramli nyuma ya soko?

— Huyu anauliza kwa jina la Yesu! — Siku za Mwisho akaruka.

— Shemasi wangu, mimi unabii siudharau. Mungu akinena nitapiga magoti hapa hapa barabarani. Baba, ulimwambia saa ngapi?

— Saa kumi na moja alfajiri.

— Ulijuaje?

Usiku aliozaliwa Mi-rang, Lori alikuwa amekwama na lori la kabichi kwenye theluji ya milimani. Mkewe alijifungua peke yake, sakafuni jikoni, mlango umezibwa na theluji. Kila alipomuuliza saa, alijibiwa, “Nilikuwa natazama saa au nilikuwa natazama mtoto?”

— Nilikisia, — akasema.

— Uuuwi! — Mama Redio akajishika kiuno. — Basi Nabii kamtabiria msichana ambaye hajazaliwa!

— Na kule jikoni, baba, alikuwepo nani?

— Mama yako.

— Na nani mwingine?

Hapo Lori akamtazama mwanawe.

— Mungu alikuwepo, — akasema. — Nilimwomba usiku kucha nikiwa kwenye lori. Na asubuhi niliwakuta wazima, wewe na mama yako.

— Sasa kama alikuwepo, mjumbe wake anakuuliza wewe saa kwa nini?

Siku za Mwisho akanyoosha kikombe chake. Akaomba kahawa. Birika lilikuwa tupu.

Lori akasimama. Akacheka kicheko ambacho kijiwe kile hakijakisikia tangu amzike mkewe, machozi yakimtiririka bila aibu. Akaikwapua simu, akapiga.

— Mkwe! Mmeshapanda basi? Bado? Sasa mnangoja nini? Njooni! Njooni na mashangazi!

Mama Redio akapiga kigelegele mpaka madirisha ya juu yakafunguka. Lori akajifunga tai mwenyewe, upande, akashuka mtaa kamshika mwanawe mkono, akiimba wimbo wa Pasaka kwa sauti yake yote, na Pasaka yenyewe ilikuwa imepita zamani.