Kwenye Filamu Mama Huwa Amekufa

Kijiwe cha Majengo kina benchi moja refu lililovunjika mguu likawekewa tofali, birika la Twaha muuza kahawa, na cherehani ya Kajetani pembeni, kwenye baraza la duka. Kajetani ndiye wanayemwita Sindano, fundi nguo, mtu mpole mwenye kichwa kigumu. Jumamosi hiyo ya Julai baridi ya Songea ilikuwa imewakunja wote, na Sindano alikuwa na sweta la shule mapajani, anatia viraka viwikoni, huku moyoni ana jambo zito zaidi. Binti yake Leticia alikuwa amechaguliwa kwenye timu ya wasichana ya kata. Gari lilikuwa linaondoka asubuhi hiyo kwenda Mbesa kwa mechi ya kesho yake, na mwalimu wa timu alishasema kwamba hampandishi mtoto ambaye baba na mama hawajaridhia wote wawili. Mama yake, Kunegunda, aliridhia siku ileile ya kwanza. Baba ndiye alikuwa bado anafikiria. Ili kumlainisha, Kunegunda alimtuma kwenye kibanda cha video, ambako wiki nzima walikuwa wanaonyesha filamu za kifamilia za mabinti wanaoota kucheza mpira. Sindano alikwenda, kijiwe kizima kikamsindikiza, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

— Simkatazi kwa ubaya, alisema Sindano akikata uzi kwa meno. Namkataza ili afanikiwe.

— Hapo umenena! alidakia Hironimus, fundi redio anayeitwa Profesa kwa sababu ya miwani yake tu. Filamu zote tulizoona, baba anakataa. Uliona hata moja ambayo baba alisema, haya mwanangu, nenda?

— Sikuona.

— Basi! Baba akiruhusu, filamu haipo. Na filamu isipokuwepo, ubingwa utatoka wapi?

— Ngoja kwanza, turudishe nyuma tuangalie, alisema Remmy, dereva wa bodaboda. Kwa tabia yake hiyo ya kutaka kila jambo lirudishwe nyuma, wamemwita VAR, kama ile video ya marejeo ya marefa. Ile ya pili baba si alikubali?

— Alikubali mwishoni! Dakika ya tisini, mvua inamwagika, baba anashuka jukwaani analia. Sasa huyu akikubali saa hizi, kahawa bado ya moto, atalia lini?

Sindano aliinamisha kichwa. Ukweli ni kwamba kwenye kibanda alishalia, tena sana, akawaambia wenzake kwamba ni moshi wa chipsi za jirani. Yule baba wa kwenye filamu alimpenda. Alikuwa na koti zuri, mshono wa begani umekaa sawasawa, na hakuna mtu aliyemwambia haraka.

— Mimi wallahi kinachonitatiza ni mvua, alisema Twaha akimimina kahawa. Mtu wa Tunduru huyo, hana papara. Fainali zote mvua. Julai hii mvua mtaitoa wapi? Huku kwetu mpaka Novemba, inshallah.

— Mechi isogezwe Novemba, alisema VAR.

— Au liitwe gari la zimamoto, likae nyuma ya goli, alisema Profesa. Ila tatizo kubwa ni kocha. Kocha wa filamu lazima awe mlevi aliyekata tamaa, mguu mmoja mbovu. Sasa huyu mwalimu Pamela wa kwetu! Hanywi, mzima kama mwanajeshi, halafu yuko kwaya ya parokiani. Kwa kocha kama huyo mtoto atafika wapi?

— Mguu mbovu ninao mimi, tangu ile ajali ya bodaboda pale Ruhuwiko, alisema VAR akiunyoosha mbele ya benchi. Na pombe ya komoni nakunywa, mnajua.

— Umekata tamaa?

— Nikishakaa na nyie, kabisa.

— Basi ukocha wako. Twaha, mwongeze kocha kahawa.

VAR akapokea kikombe kwa mikono miwili, uso umebadilika, na palepale akaanza kulalamika kwamba wachezaji wa siku hizi hawana nidhamu. Sindano akacheka. Lakini Profesa hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akashusha sauti.

— Lipo jingine, mlongo wangu, ndugu yangu. Nilitaka nikae nalo tu.

— Sema.

— Mama.

— Mama gani?

— Kwenye filamu mama huwa amekufa. Zote! Ya kwanza ajali, ya pili ugonjwa, ya tatu ndiyo wameanza naye ukutani kabisa, picha na maua. Sasa wewe, Kunegunda wako...

— Kunegunda mzima, alisema Sindano. Leo asubuhi kabeba debe la mahindi peke yake mpaka mashineni.

— Tunajua. Ndiyo tatizo lenyewe.

— Astaghfirullah! Twaha akaacha birika. Nyie watu mna akili?

— Hatujasema afe! Tumesema asafiri. Aende kwa dada yake Mbinga, picha yake ibaki ukutani. Mtoto akiitazama, uchungu unampanda, mabao yanakuja yenyewe.

— Turudishe nyuma, alisema VAR. Akiwa anaitazama picha, mama akapiga simu?

— Isipokelewe.

— Na akirudi?

— Arudi baada ya fainali. Tena huko Mbinga anywe chai, apumzike, nani kamkataza? Ila asionekane.

Sindano alijua huo ni upuuzi. Hakuwa mjinga. Lakini upuuzi huo ulimfaa, kwa sababu alikuwa anaogopa. Leticia ni mtoto wake wa pekee. Alikuwa anarudi jioni na vumbi mpaka kwenye kope, na baba alikuwa anamwona tayari amevunjika mguu huko mbali, analia, na yeye yuko Songea anapinda suruali ya mtu. Woga wa namna hiyo kijiweni husemi, watakucheka mpaka uhame mtaa. Ndiyo maana akazisingizia filamu.

Wakiwa wanabishana kama picha iwe ya harusi au ya kipaimara, basi dogo, Kosta, lilisimama kando ya barabara. Akashuka dereva mgeni, mtu mnene aliyevaa kofia ya sufu.

— Shikamoo mzee.

— Marahaba, alijibu Twaha. Ah, huyu si Bashiru wa kwetu Tunduru! Karibu kahawa. Unatoka au unakwenda?

— Nakwenda, lakini naona sitakwenda. Hebu nipe ya moto.

Akakaa, benchi likayumba juu ya tofali. Profesa, ambaye hapendi mgeni akae bila kuelimishwa, akamweleza yote: filamu, mvua, kocha, mama wa kwenye picha. Akamweleza binti wa ile filamu ya kwanza jinsi alivyovaa jezi namba kumi, njumu zake alizificha chini ya kitanda, kamba moja nyekundu moja nyeupe, na mbwa wake jina lake nani. VAR akamsahihisha jina la mbwa. Bashiru alisikiliza kwa adabu mpaka kikombe kikaisha.

— Na huyu binti wa kwenu, akauliza, yeye anacheza namba ngapi?

Profesa akamtazama VAR. Wote wakageuka kumtazama Sindano. Sindano akautazama uzi.

— Kumi, alijaribu VAR. Wote si huwa kumi?

— Huyo wa filamu. Mimi nauliza huyu.

— Atakuwa anacheza mbele, alisema Sindano taratibu, na mwenyewe alijisikia kwamba anabahatisha.

— Haya. Bashiru akainuka, akajipangusa. Asanteni kwa kahawa, ngoja nirudi uwanjani nikaangalie. Watoto wote wameshafika tangu alfajiri, wanamsubiri kipa tu. Wanasema bila yeye hawaondoki. Eti baba yake ana maneno mengi.

Sindano alitazama sweta lililokuwa mapajani mwake. Viwiko. Alikuwa ameviwekea viraka muhula mzima, na kila mara aliambiwa, nimeanguka baba, akatafuta kitambaa kigumu zaidi na kushona bila kuuliza mtoto gani huyu anayeangukia viwiko vyote viwili kila wiki. Akakumbuka kikombe kilichoteleza mezani wiki ile wakiwa wanakula. Kabla mtu hajageuza shingo, Leticia alikuwa amelala chini kwa ubavu, kikombe mkononi, kizima. Kunegunda alipiga makofi. Yeye alimgombeza kwa kuchafua gauni. Kwenye filamu zote zile, hakuna hata mmoja wao pale kijiweni aliyewahi kumtazama kipa.

— Nipeleke, alimwambia Bashiru.

— Sindano, kaa! Profesa alipiga kelele. Hujalia bado!

— Na mvua? Na mimi kocha je?

— Kikombe changu! alisema Twaha.

Lakini Sindano alikuwa ameshapanda mbele, kikombe mkono mmoja, sweta mkono mwingine, futi ya kupimia inaning'inia shingoni.

Uwanjani vichwa vya mabinti vilijaa madirishani kwenye kigari kingine kidogo cha mwalimu Pamela, wanasubiri kuhamia Kosta. Leticia peke yake alikuwa chini, amekaa golini, begi miguuni, ameligeuzia gari mgongo. Alipomwona baba yake akisimama na kikombe cha kahawa, aliinuka akiwa tayari kubishana. Njiani Sindano alikuwa amejipangia maneno ya yule baba wa filamu, mazuri mno, lakini hata moja halikuja. Akamnyooshea sweta.

— Vaa, Mbesa sijui kukoje. Halafu panda gari.

Leticia akalivaa polepole, kana kwamba akiharakisha baba atageuza mawazo. Sindano akamshika viwiko, akavibonyeza juu ya kitambaa alichokishona mwenyewe. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, jua limewaka, bila hata tone la mvua.

— Vinauma?

— Vinauma, baba, alisema Leticia. Lakini mpira haukuingia.