Mama Yake Lyse Yuko Jikoni

Risala ya watoto wa Kituo cha Kilima cha Zeituni, Mwandiga, mbele ya wageni kutoka ng'ambo

Mgeni rasmi, Mchungaji Oswald, kiongozi wa msafara wa wamisionari. Mama Mlezi Leonia. Mwalimu Telesphory unayetutafsiria. Majirani zetu wa Mwandiga, na ninyi akina mama wa Ujiji mliotuazima mikeka ya kukalia wageni: shikamooni nyote, na Bwana asifiwe.

UKARIBISHO

Sisi watoto wa kituo hiki tunasema karibuni sana. Tumesikia mmepanda ndege mbili na basi moja, na kwamba basi ndilo lililowachosha. Poleni. Chakula kipo tayari: wali, maharage na migebuka ya kukaanga, na harufu mnaisikia wenyewe.

Anayesoma mbele yenu ni Lyse, wa kidato cha tatu. Tumemchagua kwa sababu sauti yake haihitaji kipaza sauti, lakini risala si yake, ni yetu. Kila neno tumelijadili bwenini, wakubwa kwa wadogo. Yeye tumemruhusu kusoma tu, na tumemkataza kuruka mstari, hata pale anapotajwa. Mkisikia sauti inatetemeka, ni yake peke yake. Mama Mlezi aliikagua risala hii mapema wiki hii, akaipitisha. Baada ya hapo iliongezeka kidogo. Tunamwomba radhi, na Mwalimu Telesphory tunamwomba atafsiri yote bila kupunguza wala kutia chumvi.

Mgeni rasmi, kwenye ratiba yenu imeandikwa kwamba baada ya risala Lyse atatoa ushuhuda wa kifo cha mama yake. Ushuhuda huo hautakuwepo. Mama yake Lyse yuko jikoni, ndiye aliyekaanga hao samaki, na tunaomba mtusikilize mpaka mwisho.

HISTORIA

Kituo chetu kilianza mwaka ule wa 2015, watu walipokimbia kutoka Burundi wakajaa ufukweni Kagunga mpaka hakuna pa kukanyaga. Lyse alikuwa na miaka minane. Baba yake alishafariki zamani. Mama yake, Spesiosa, ni Muha wa upande huu huu aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, kule Nyanza-Lac, naye alirudi nyumbani mbio mbio kama wengine, mtoto mkononi na sufuria kichwani.

Kufika Kagunga, kipindupindu kikamshika mama. Akalazwa kwenye hema la wagonjwa, Lyse akabaki nje analinda sufuria. Meli ilikuwa imetia nanga mbali na ufuko, mitumbwi ikawa inapeleka watu, watoto kwanza. Mwanamume mmoja alimwona mtoto yuko peke yake, akambeba akamtia mtumbwini. Lyse alilia akisema mama yuko hemani. Mwanamke aliyekaa karibu naye akamwambia, tena kwa huruma, "Nyamaza, mwanangu. Wanaoingia mule hawatoki." Mtoto akaelewa alivyoelewa. Alipofika Kigoma akaulizwa mama yako yuko wapi, akajibu amekufa, na hakuna aliyemuuliza mara ya pili.

Mama Spesiosa alipona. Alimtafuta mwanawe mjini Kigoma, akamtafuta makambini, akarudi mjini akaanza upya, huku anauza samaki ili apate nauli na chakula. Siku moja alileta migebuka hapa kwenye mlango wa jikoni, akaanza kubishana bei na mpishi wetu wa wakati ule. Lyse alikuwa ndani anachagua mchele. Tuliokuwepo tuliona ungo unaanguka na mchele unamwagika. Sauti ya mama yako akibishana bei, Mgeni rasmi, huwezi kuisahau. Lyse alitoka akasimama mbele yake. Yule mama alimtazama kutoka miguuni hadi kichwani, maana mtoto alikuwa amerefuka, akasema, "Mwana wanje." Hilo ni neno la Kirundi, maana yake mwanangu. Kisha wakaketi palepale chini, kwenye magamba ya samaki, wakalia, na sisi tukalia nao.

Mtashangaa kwa nini habari njema kama hiyo haikufika ofisini. Wiki hiyohiyo mwenzetu Niyibizi alikuwa amepatikana baba yake mdogo. Kanuni yenu wafadhili inasema kituo ni cha yatima wasio na ndugu, basi Niyibizi akapewa godoro lake na mche wa sabuni, akaagwa. Hesabu alikuwa anatushinda wote. Sasa anabeba magunia bandarini, na shule ndiyo imekwisha. Mama Spesiosa alimwona akitoka getini na godoro kichwani, akauliza kulikoni, tukamweleza. Halafu akajifuta uso, akaenda kwa Mama Mlezi akasema, "Shikamoo, mama. Mpishi wenu anasema anataka kuacha kazi. Mimi najua kupika."

Tangu siku hiyo Lyse humwita Mama Mpishi, kama sisi wote. Akitaka kumwita mama, humfuata kisimani.

MAFANIKIO

Mafanikio ni mengi, na hatuoni haya kuyataja. Dada zetu na kaka zetu wa kidato cha nne mwaka jana walifaulu wote. Kwaya yetu inaalikwa hadi Kigoma mjini. Mawese tunayopikia tunayakamua wenyewe, kutoka kwenye michikichi iliyo nyuma ya bweni. Mmetukuta tumevaa viatu. Tulishauriwa tuvivue ili picha zipendeze, tukakataa, kwa kuwa ni ninyi mliotununulia.

Lakini fahari yetu kubwa ni hii: kituo kizima, mpaka mdogo wetu Mélanie wa chekechea ambaye hawezi kuficha hata pipi, tumeitunza siri ya Lyse na mama yake bila hata mmoja kuteleza. Leo tunaitoa kwa hiari yetu.

CHANGAMOTO

Pampu ya maji ni mbovu, hilo mnalijua tangu safari iliyopita, na hatutalirudia.

Changamoto yenyewe ni ushuhuda. Mwaka jana mgeni mmoja, mama mwenye moyo mzuri kabisa, alimkumbatia Lyse akamwambia, "Huna mama, basi mimi ndiye mama yako." Kisha Lyse akasimamishwa hapa mbele, akasimulia mama yake alivyokufa Kagunga. Mama Spesiosa alikuwa pale pembeni na upawa mkononi, anapakua wali. Hakuinua uso. Wageni walilia sana, na mmoja wenu akamwendea akampa leso yake, akidhani mpishi naye ameguswa na habari za yatima.

Kwetu sisi, kumtangazia kifo mtu aliye hai ni uchuro. Siku chache baadaye Mama Spesiosa aliugua malaria, akalala kitandani hajitambui. Lyse alikataa kula. Alituambia, "Nimemuua mama kwa mdomo wangu." Tulimwambia malaria huletwa na mbu, hata kwenye kitabu cha baiolojia imo. Alituangalia kama watu tusio na akili. Mama yake alipopata nafuu, Lyse akaapa kwamba maneno yale hatayasema tena.

Tangu ratiba ya mwaka huu itangazwe wamekuwa wakivutana. Mama anamsihi, "Sema tu, mwanangu. Maneno hayaniui. Umalize shule kwanza." Na Lyse anamjibu, "Nisome kwa kukuzika kila mwaka? Sitaki." Mpaka asubuhi ya leo hawajapatana. Mama Spesiosa hajui tumeandika nini, ila jikoni ni hapo tu, na sufuria zimeacha kugongana, kwa hiyo tunaamini anasikia.

OMBI

Mgeni rasmi, tuna ombi moja. Tunaomba kanuni ibadilishwe, mtoto asiondolewe shuleni kwa kosa la mzazi wake kuonekana yuko hai. Ndugu akipatikana, tufurahi kwanza, mengine yapangwe polepole. Lyse aachwe amalize masomo yake, anataka kuwa muuguzi. Mama Spesiosa aachiwe kazi yake, kwa sababu kabla yake maharage yalikuwa na mawe. Na Niyibizi aitwe arudi darasani.

Mama Mlezi asilaumiwe, hatukumwambia. Ni kweli kwamba siku moja alimpa Lyse dawa akamwambia, "Mpelekee mama yako," kisha akakohoa na kuuliza habari za kuni. Sisi tulikohoa pia.

Mnaweza kukataa. Fedha ni zenu, na kwa mema yote mliyotutendea tutawashukuru siku zote. Lakini mtu asije akadhani Lyse anasubiri kuambiwa achague. Ameshachagua. Mkisema aondoke, atatoka getini ameshikana mkono na mama yake, na sisi wote tutambebea godoro mpaka stendi, tukiimba. Tunawajua ninyi kuwa watu wa huruma, tumekula huruma yenu kwa miaka, na ndiyo maana hatuogopi kuwaambia ukweli.

Tumeandika mpaka hapa. Mstari unaofuata Lyse aliuandika mwenyewe, nasi hatukuugusa:

"Mama, njoo. Wageni wamefika, nataka wakuone."

Mungu awabariki wageni wetu, awalinde njiani, awafikishe salama kwa wale wanaowaita ninyi baba na mama.

Ni sisi watoto wa Kilima cha Zeituni: yatima, pamoja na mwenzetu Lyse, binti Spesiosa.