Anayeinuka Kwanza Kashindwa

Kijiwe chetu hapa Tunduma kinatazamana na geti la shule ya msingi. Kati yetu ni barabara tu na foleni ya malori ya Zambia. Marita anatuuzia kahawa ya Mbozi, na sheria ya benchi ni moja: anayeinuka kabla birika halijaisha, kashindwa hoja. Siku hiyo saa nne kulikuwa na kikao cha wazazi. Afisa elimu alikuwa anakuja kutuuliza kama Mwalimu Lwitiko abaki au ahamishwe, maana darasa lake limeburuta mkia. Sisi wote tulikuwa upande wake. Faith wangu amejua kusoma kwa sababu yake, na nilikuwa nimeapa kulisema hilo kikaoni. Shida akaianzisha Hezron, tunayemwita Dokta. Udaktari wake ni wiki moja aliyolazwa kwa malaria.

— Lwitiko ana presha gani ya kumshinda daktari? Chaki haitoi damu. Daktari akikosea, mtu anazikwa.

Osea, mbadilisha fedha wa mpakani, jina lake la kijiweni Kwacha, akadakia:

— Mwe bantu, jamani! Anazikwa, mnasema kazi ya Mungu haina makosa. Mtoto akifeli, nani alishasema ni kazi ya Mungu?

— Walimu wanajipa umuhimu tu, akasema Jairo wa bodaboda, anayeitwa Breki kwa sababu hana. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mwalimu katajwa wapi hapo?

— Daktari anaona mgonjwa mmoja mmoja, Kwacha akamjibu. Lwitiko anaingia kwa watoto mia na ishirini, wote wanaumwa hesabu!

— Ila hakuna ndugu wa mwanafunzi anayemkimbiza mwalimu na panga, akasema Dokta.

Marita akanigeuzia uso.

— Baba Faith, gari la afisa lile linaingia. Hamwendi?

— Tunakwenda, mama. Atangulie Dokta.

— Mimi? Ili mseme nimeshindwa? Atangulie Kwacha.

Kwacha akajikalia vizuri zaidi.

— Hospitali nazo zipewe mtihani wa taifa! Matokeo yabandikwe ukutani, wodi ya kwanza mpaka ya mwisho. Wodi ikiburuta mkia, daktari ahamishwe.

— Na mgonjwa asiyepona mwaka huu, Breki akasema, arudie ugonjwa uleule!

— Basi shule nazo zijengewe mochwari, Dokta akamalizia, ya waliofeli!

Tulicheka mpaka machozi. Nami nilicheka, Mungu anisamehe. Marita akamimina ya mwisho, tukanywa, tukainuka wote kwa pamoja ili asiwepo wa kushindwa.

Mwalimu Lwitiko alikuwa anavuka barabara kuja kwetu, begi mkononi.

— Mwalimu! Ndiyo tunakuja kikaoni, nikamwambia.

— Kimeshakwisha, wazee wangu. Viti vilikuwa vitupu. Afisa kasema wazazi kunyamaza nako ni jibu. Jumatatu naripoti shule ya Ndalambo.

Hakuwa na hasira. Laiti angetutukana.

— Samahani, akauliza, magari ya Ndalambo yanapakia wapi?

Breki hupeleka abiria kwenye kituo hicho kila asubuhi. Kwacha amepanga chumba jirani napo. Mimi mwenyewe napajua, lakini nikageuka kutazama malori. Dokta, aliyekuwa na la kusema tangu asubuhi, akakaa tena kwenye benchi na kuanza kutikisa birika tupu.