Nyota Mbili za Travaris Quarterman

Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na Verlene Tillery, dada wa marehemu. Hadi Jumatano familia ilikuwa inavutana: usomwe wote, au ikatwe sehemu moja. Marehemu aliagiza usomwe wote, na mjane wake, Ernestine, alisema hapana.

Marehemu Hollis Tillery alizaliwa tarehe 9 Aprili 1951 huko Fitzgerald, jimbo la Georgia, mtoto wa pili wa Cleophus na Odessa Tillery, wakulima wa karanga. Alitanguliza miguu kuzaliwa, na mama yake alizoea kusema kwamba tangu siku hiyo hakuwahi kufanya jambo lolote kwa haraka.

Alimaliza sekondari mwaka 1969. Timu ya shule ya futiboli ya Kimarekani, ile ya kurusha mpira kwa mkono, ilimweka benchi misimu mitatu kwa sababu ya uzito wa miguu, na ni pale benchini alipojifunza kutazama wenzake wanavyocheza. Mwaka 1973 alihitimu ualimu wa hisabati.

Alifundisha miaka kumi na minne. Mwaka 1987 aliacha chaki akaanzisha jarida la kurasa nne lililowapanga wachezaji wa sekondari, kuanzia nyota moja hadi tano, ili makocha wa vyuo wajue ni nani wa kupewa ufadhili wa masomo. Sharti lake lilikuwa moja: haandiki nyota mpaka amtazame kijana mara tatu kwa macho yake. Alisimama kwenye uzio, daftari mkononi, karanga za kuchemsha mfukoni. Ernestine alizihesabu mechi za msimu kwa madoa ya chumvi kwenye makoti.

Walifunga ndoa tarehe 12 Juni 1976. Siku bibi harusi alipopika pai ya pichi kwa mara ya kwanza, marehemu, ambaye alipenda kupanga vitu kwa nyota hata kabla ya jarida, alikula, akafuta mdomo, akatamka, "Nyota nne."

"Na ya tano imekwenda wapi?" Ernestine akauliza.

"Mama, ndiyo kwanza mechi ya kwanza hii."

Marehemu alilala kwenye kochi siku tatu. Walijaliwa binti mmoja, Jocelyn.

Sasa tufike pale ambapo Ernestine hakutaka tufike.

Mwaka 2000 kampuni moja ya mtandaoni ililinunua jarida na kumwajiri marehemu aendelee kupanga wachezaji. Msimu wa 2002 alimtazama Travaris Quarterman, mlinzi wa kati wa shule ndogo ya kijijini, mara sita. Ukurasa wa 41 wa daftari lake unasema: "Anausoma mpira kabla haujatoka mkononi. Nyota nne." Mhariri akampigia simu.

"Vyuo vikubwa vingapi vinamtaka?"

"Bado hakuna. Viwili vimeanza kuulizia."

"Hakuna hata kimoja, na wewe unampa nne? Hollis, watu watatucheka!"

Marehemu alijiambia kwamba makocha wa vyuo wana macho mengi kuliko mzee mmoja wa uziani. Akamshusha kijana hadi nyota mbili. Katika wiki hiyo hiyo, vile vyuo viwili vikaacha kupiga simu. Travaris akaenda chuo kidogo kwa ufadhili wa nusu, akakaa mwaka mmoja, akarudi kufanya kazi kwenye kiwanda cha kubangua karanga.

Tuseme ukweli: orodha ile haikuwa ya uongo. Wengi aliowapa nyota tano walifika mbali, na marehemu alijivunia. Ndiyo maana makocha waliiamini, na ndiyo maana iliweza kuumiza mtu. Mwaka 2011, kwenye kifungua kinywa cha makocha huko Macon, kocha mstaafu wa kimoja cha vyuo vile viwili alimshika bega.

"Yule Quarterman tulimpenda sana, bwana. Tulikuwa tunamwandikia barua. Tulipoona umemshusha tukasema, Hollis kaona kitu. Uliona nini?"

"Niliona kwamba hamjamchukua," marehemu akajibu.

Kumbe wao walikuwa wanamtazama yeye, na yeye alikuwa anawatazama wao, na uwanjani hakuna aliyekuwa anamtazama kijana. Alirudi nyumbani hakugusa chakula. Mwezi huo huo aliacha kazi, na familia ikaambiwa ni mgongo.

Kwa miaka kumi na mitatu alinyamaza. Akimwona Travaris dukani, aligeuza kikapu akapita njia nyingine. Ilikuwa woga, na dada yake alimwambia hivyo usoni.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Septemba mwaka huu wa 2024 alikataa kuendelea kusafishwa damu, na siku zikawa za kuhesabika. Ndipo akamtuma dada yake kiwandani.

"Anataka msamaha?" Travaris aliuliza getini, vumbi la karanga hadi kwenye kope. "Mwambie amwite mchungaji."

Siku tatu marehemu aliukodolea macho mlango. Tarehe 3 Oktoba Travaris aliingia na buti zake za kazi, hakuketi. Marehemu alimpa daftari, limefunguliwa ukurasa wa 41. Alisoma. Akasoma tena.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Mzee, mimi niliacha mpira kwa sababu yako! Nilijiambia, kama Hollis Tillery amenitazama mara sita akaona mbili, basi mimi ni wa mbili. Hata kazini nimeogopa kuomba usimamizi. Miaka ishirini na mbili!"

"Macho yangu hayakukosea, mwanangu. Mkono ndio uliokosea."

Travaris alilichukua daftari akaondoka bila kuaga. Marehemu alifariki nyumbani tarehe 6 Oktoba, saa kumi na moja alfajiri, bila kujua kama amesamehewa. Hilo linatuuma mpaka sasa.

Ameacha mjane, Ernestine, binti, Jocelyn, na mumewe, Reuben, wajukuu wawili, na dada mmoja, mwenye mdomo.

Jumatano Ernestine alimpigia Travaris simu, akitumaini atakataa jina lake lisisomwe hadharani. Travaris akajibu:

"Someni yote, mama. Na mwishoni mwandikieni nyota tatu. Angekuja mwenyewe mapema, ningempa nne."

Ernestine alikata simu, akacheka, kisha akalia, akasema, "Haya, isomwe. Hizo amezipata kwa haki."

Pumzika kwa amani, Hollis. Umetazamwa vizuri.