Mashine ya Hewa Imetunzwa

Afisa wa serikali wa ubora wa hewa alikuwa kwenye treni ya asubuhi, hotuba yake mkobani: mkoa umefaulu tena vipimo vya hewa safi, na mpango wa serikali mwaka huu ni kulinda viwango hivyohivyo, basi. Kwenye kiti cha mbele yake, bibi mmoja aliyempakata mjukuu alikuwa akizozana na fundi rangi aliyekutana naye humohumo behewani.

"Redio imesema hewa ya huku ni safi," fundi alisema.

"Redio haijamlea huyu mtoto. Tanuri la matofali likiwashwa tu, kifua kinambana mpaka midomo inabadilika rangi."

"Lakini mashine yao ya kupima hewa si iko hukohuko mtaani kwenu?"

"Iko juu ya paa langu! Waliniambia, mama, tunakuomba uitunze. Na naitunza hasa. Nikiona moshi unakuja, napanda ngazi naifunika shuka zito isichafuke. Ukiiona utadhani imetoka dukani leo."

Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. Afisa hakucheka, aliukumbatia mkoba wake kama mtu anayeogopa vibaka.

"Bibi, sasa wanapima nini? Shuka lako?"

"Cheka tu. Wakija wakaikuta nyeusi, uso wangu nitauficha wapi?" Bibi akageuka nyuma. "Hebu tuamulie, mwanangu mwenye tai. Kitu cha serikali unakiacha kichafuke?"

Afisa akafungua mdomo ajibu. Mtoto akaanza kukohoa, na alikuwa bado anakohoa treni iliposimama.